Kisoda cha Atupele

Atupele alikuwa na miaka saba. Aliishi Tukuyu, kwenye milima ya kijani, mahali ambapo mvua hunyesha, na kunyesha, na kunyesha tena.

Mvua ya Tukuyu ikipiga bati husema, "Shaaa!" Migomba hutikisa majani yake makubwa. Watoto huvaa masweta na kwenda shule. Chubwi, chubwi, chubwi, kwenye matope.

Atupele alipenda shule. Alipenda kuimba. Alipenda uji wa saa nne. Alipenda kukaa dawati moja na rafiki yake Lusajo.

Kitu kimoja tu hakukipenda.

Hakupenda kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa yaliyokwisha. Lilikaa juu ya meza ya Mwalimu Sekela. Ndani yake mlikuwa na visoda, vile vifuniko vya chupa za soda.

Watoto wa darasa la pili walikuwa ishirini. Visoda navyo vilikuwa ishirini. Ndani ya kila kisoda, Mwalimu alikuwa amebandika jina la mtoto mmoja.

Kila asubuhi watoto walisimama. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Sasa, hesabu za asubuhi! Tunarudia tuliyojifunza. Kidogo kidogo, kila siku."

Kisha Mwalimu Sekela alishika kopo, akalitikisa.

Kacha, kacha, kacha!

"Nani leo? Nani leo?" watoto waliimba.

Na Atupele alijikunja kama konokono. Alinong'ona, "Siyo mimi. Siyo mimi."

Mwalimu aliingiza mkono. Alitoa kisoda. Alisoma jina. Mtoto huyo alikwenda ubaoni, akashika chaki, akafanya hesabu moja mbele ya wote.

Kisha kisoda chake kilipangwa dirishani. Hakikurudi koponi mpaka watoto wote wamalize zamu zao.

Kila siku, visoda vya dirishani viliongezeka. Kila siku, visoda vya koponi vilipungua.

Na jina la Atupele lilikuwa bado limo koponi.

Kujumlisha, Atupele aliweza. Tano na nne? Tisa! Kumi na sita? Kumi na sita!

Lakini kutoa! Kutoa kulimchanganya. Hasa pale namba ndogo inapokaa juu, na namba kubwa inapokaa chini. Tatu toa nane. Mtu anatoaje nane kwenye tatu?

Siku Mwalimu alipofundisha hesabu hizo, Atupele alikuwa mgonjwa. Aliporudi, wenzake walikuwa wanajua. Yeye hakujua. Akaona aibu kuuliza.

Siku ya Jumatatu, Mwalimu alitikisa kopo.

Kacha, kacha, kacha!

"Nani leo? Nani leo?"

"Siyo mimi. Siyo mimi," Atupele alinong'ona.

"Ipyana!" alisoma Mwalimu.

Ipyana alikwenda ubaoni. Aliandika jibu. Halikuwa lenyewe.

"Ha ha ha!" watoto wakacheka.

"Hapa hatuchekani," alisema Mwalimu Sekela. Alisema kwa sauti ndogo, lakini darasa zima lilinyamaza.

Ipyana alifuta, akaandika tena, akapata. Alirudi kukaa.

Lakini Atupele alikuwa ameyaona macho ya Ipyana pale watoto walipocheka. Moyo wake ukapiga. Du-du. Du-du.

Jumanne, kopo lilikuwa jepesi. Vilibaki visoda vinne tu.

Jioni, Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Atupele alikaa karibu na moto na daftari lake. Aliandika hesabu ya kutoa. Akafuta. Akaandika. Akafuta. Karatasi ikatoboka.

"Una nini, mwanangu?" aliuliza Mama.

"Sina kitu, Mama."

"Mbona umekunja uso?"

"Moshi tu, Mama."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akamsogezea kigoda mbali na moshi.

Atupele akaendelea kuandika na kufuta.

Jumatano, Mwalimu alitikisa kopo.

Kacha... kacha.

"Nani leo? Nani leo?"

"Siyo mimi. Tafadhali, siyo mimi."

Hakuwa yeye. Siku hiyo waliitwa watoto wawili, ili zamu ziishe upesi. Vilibaki visoda viwili tu koponi. Kimoja cha Lusajo. Kimoja cha Atupele.

"Kesho tunamaliza!" alisema Mwalimu Sekela. "Lusajo, endelea kututunzia kopo letu."

Wiki hiyo Lusajo ndiye aliyekuwa mtunza kopo. Alilibeba asubuhi kutoka ofisini. Alilirudisha mchana. Alilikumbatia kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai.

Kesho, aliwaza Atupele. Kesho ni mimi. Du-du. Du-du.

Saa nne, watoto walitoka kunywa uji. Mara mvua ikaja. Shaaa!

"Madirisha! Madirisha!" aliita Mwalimu. Lusajo akaingia mbio na kopo lake, akaliweka juu ya dawati, akakimbia kufunga madirisha ya nyuma.

Atupele alikuwa ameshaingia, amesimama karibu na dawati. Peke yake.

Akatazama kopo. Akatazama mgongo wa Lusajo. Akatazama kopo tena.

Mkono wake ukaingia ndani. Pole pole. Pole pole.

Akageuza kisoda kimoja. Lusajo. Akakirudisha.

Akageuza cha pili. Atupele.

Akakichukua. Akakitia kwenye mfuko wa sweta.

Hakuna aliyemwona. Hakuna kabisa.

Lusajo alirudi, akalichukua kopo lake, akalikumbatia kwa mikono miwili. "Mvua kubwa, eh?" alisema, akitabasamu.

"Kubwa," alisema Atupele. Hakumtazama usoni.

Usiku ule Atupele alidhani atalala vizuri. Hakuna kisoda, hakuna kuitwa. Lakini alijigeuza huku. Akajigeuza kule. Blanketi lilikuwa zito. Mto ulikuwa moto.

Alhamisi ikafika. Na mvua ikafika nayo.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Hesabu za asubuhi!"

Mwalimu Sekela alitikisa kopo.

Ting.

Mwalimu alisimama. Akalitikisa tena.

Ting.

"Hee," alisema Mwalimu. "Mbona linalia hivi?"

Watoto hawakuimba. Atupele alijikunja kama konokono.

Mwalimu alitoa kisoda. "Lusajo!"

Lusajo aliruka kutoka kwenye dawati. Alikwenda ubaoni. Alifanya hesabu yake, vizuri kabisa. Watoto wakampigia makofi. Pa, pa, pa!

Lusajo alicheka mpaka meno yote yakaonekana.

Kisha Mwalimu akageuza kopo juu chini. Halikutoka kitu.

"Tuhesabu vya dirishani," alisema.

Watoto wote wakahesabu pamoja. "Moja, mbili, tatu..." Wakaenda, wakaenda, wakaenda. "...kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa."

Wakaishia hapo.

"Visoda vilikuwa ishirini," alisema Mwalimu Sekela. "Ishirini toa kumi na tisa?"

"Moja!" walijibu watoto.

"Kimepungua kimoja. Tuone ni cha nani."

Mwalimu alianza kusoma majina. Alisoma la kwanza. Alisoma la pili. Kila aliyesikia jina lake alisema, "Mimi hapa!"

Atupele alisikiliza. Jina, na jina, na jina. Du-du, du-du, du-du.

"Ipyana."

"Mimi hapa!"

"Lusajo."

"Mimi hapa!"

Basi. Majina yakaisha.

Watoto wakageuka. Wote wakamtazama Atupele.

"Kisoda cha Atupele kimepotea," alisema Mwalimu. "Lusajo, kopo lilikuwa kwako?"

"Ndiyo, Mwalimu." Meno ya Lusajo hayakuonekana tena.

"Liliwahi kuanguka?"

"Hapana, Mwalimu. Sijui, Mwalimu."

"Jana alikimbia nalo!" alisema Ipyana. "Kwenye mvua! Nilimwona!"

"Amekiangusha!" alisema mwingine.

"Lusajo amekipoteza!"

"Nyamazeni kwanza," alisema Mwalimu.

Lusajo alisimama katikati ya darasa. Alimgeukia Atupele.

"Pole, Atupele," alisema. "Nitakitafuta."

Lo! Lusajo ndiye aliyekuwa anampa Atupele pole.

Lusajo akapiga magoti. Akaingia chini ya madawati. Alitambaa sakafuni, katikati ya miguu ya watoto. Alitafuta huku. Alitafuta kule.

Akafika kwenye dawati lao.

"Atupele, inua mguu. Labda kipo hapo."

Atupele akainua mguu.

"Hakipo," alisema Lusajo. "Inua na huu mwingine."

Atupele akainua na huo mwingine.

"Hakipo."

Kisoda kilikuwa kwenye mfuko wa sweta. Kilimchoma ubavuni, kwa meno yake madogo madogo.

Sema, aliwaza Atupele. Sema sasa.

Lakini akaufunika mfuko kwa kiganja.

Lusajo akatambaa mpaka mlangoni. Akasimama. Magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi la chaki.

"Labda kiko nje," alisema.

"Lusajo, subiri," alisema Mwalimu. "Mvua hiyo!"

Lakini Lusajo alikuwa ameshatoka.

Watoto wote wakakimbilia dirishani. Atupele naye.

Shaaa! Mvua ilimwagika. Lusajo alikuwa uwanjani, ameinama. Aliingiza mikono kwenye dimbwi. Hakuna kitu. Akaenda kwenye dimbwi jingine. Akaingiza mikono. Hakuna kitu. Sweta lake lilikuwa limelowa chapachapa.

"Atakitafuta mpaka lini?" aliuliza Ipyana, kwa sauti ndogo.

Du-du! Du-du! Du-du!

Atupele hakuweza kutazama tena. Aligeuka. Akakimbia. Akatoka mlangoni, akaingia kwenye mvua.

Chubwi, chubwi, chubwi, kwenye matope!

"Lusajo!" aliita. "Lusajo! Kipo hapa!"

Lusajo akainua kichwa. Maji yalimtiririka usoni. Ya mvua, na ya machozi pia.

Atupele alitoa kisoda mfukoni. Akanyoosha mkono.

Lusajo alikitazama kisoda. Kisha akamtazama Atupele.

"Ulikuwa nacho wewe?"

"Ndiyo."

"Tangu jana?"

"Ndiyo."

Lusajo alipita pembeni yake, akarudi darasani.

Atupele alibaki kwenye mvua. Alitaka kukimbia nyumbani. Njia ilikuwa pale pale. Ingetosha kuvuka uwanja, kushuka bonde, na kufika kwa Mama.

Lakini Mwalimu Sekela alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha kanga yake. "Njoo ndani, mwanangu," alisema. "Utaugua."

Atupele akaenda.

Mwalimu alimfuta Lusajo kichwa. Kisha akamfuta Atupele kichwa.

"Haya, Atupele. Tueleze."

Watoto wote waligeuka kusikiliza. Hata mvua ilikuwa kama inasikiliza.

"Nilikichukua mimi," alisema Atupele. "Lusajo hakukipoteza. Nilikichukua mimi koponi."

"Kwa nini?"

"Naogopa, Mwalimu. Sijui kutoa. Ile ya tatu toa nane. Sijui. Nikikosea watacheka."

Hakuna aliyecheka. Ipyana alitazama chini.

"Kuogopa si kosa," alisema Mwalimu Sekela. "Lakini mwenzako ameaibika mbele ya wote kwa jambo ambalo hakulifanya. Hilo unalionaje?"

"Ni baya, Mwalimu."

"Basi mwambie mwenyewe."

Atupele alimgeukia Lusajo. "Nisamehe, Lusajo."

Lusajo alijifuta pua. Akatazama ukuta. Hakujibu.

Hilo liliuma kuliko kuchekwa.

"Leo mchana utabaki ufagie darasa," alisema Mwalimu. "Na sisi wote tuliosema Lusajo amekipoteza, hata mimi niliyemuuliza yeye tu, tunamwomba radhi."

"Tusamehe, Lusajo!" walisema watoto.

Kisha Mwalimu alichukua kile kisoda kilicholowa. Alikigeuza. Akasoma, kama anavyosoma siku zote.

"Atupele."

Atupele akashtuka. "Mwalimu?"

"Ni zamu yako. Njoo ubaoni."

Atupele alikwenda pole pole. Hatua moja. Na nyingine. Na nyingine.

Mwalimu aliandika ubaoni. Ishirini na tatu. Chini yake, nane. Mbele yake, alama ya kutoa.

Atupele alishika chaki. Kri, kri, kri, chaki ikalia.

Tatu toa nane? Haiwezekani. Basi akageuza. Nane toa tatu, tano. Akaandika tano. Kando yake akaandika mbili.

Ishirini na tano.

Mwalimu Sekela alitazama. "Ulikuwa na ndizi ishirini na tatu," alisema. "Umekula nane. Zimebaki ishirini na tano?"

Atupele alitazama ubao. Umekula ndizi, halafu zimeongezeka? Masikio yake yakawa ya moto.

Nyuma ya darasa mtu mmoja akaanza, "Hi hi..."

"Hapa hatuchekani!" alisema Ipyana. Alisema yeye, kabla ya Mwalimu.

Kicheko kikakatika.

Mwalimu Sekela alifungua kabati. Alileta vijiti. Mafungu mawili yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Kila fungu lilikuwa na vijiti kumi. Na vijiti vitatu vilikuwa peke yake.

"Hii ndiyo ishirini na tatu yako," alisema. "Ondoa vijiti vinane. Usiharakishe. Sisi tupo."

Atupele aliweka vijiti mezani. Akaanza kuondoa.

Moja. Mbili. Tatu.

Basi. Vile vya peke yake vikaisha.

"Havitoshi," alinong'ona Atupele.

Mwalimu alisubiri.

Atupele alitazama mafungu. Moja, mbili. Yamefungwa, yamekaa. Vijiti vingi vimo humo, lakini vimefungwa.

Vimefungwa.

Atupele akainua uso. "Mwalimu, naweza kufungua fungu moja?"

"Vijiti ni vyako."

Atupele akashika kamba. Akavuta. Fundo lilikuwa gumu. Akavuta tena. Vidole vyake vilikuwa na baridi, na vimelowa. Fundo likakataa.

Akavuta kwa meno. Likakataa.

Machozi yakaanza kuja. Fundo tu! Fundo tu lilikuwa limebaki!

Mara akasikia mtu amesimama karibu naye. Sweta lake lilikuwa linadondosha maji. Do, do, do.

Alikuwa Lusajo.

Alilishika fungu kwa mikono miwili, akalikaza lisiteleze.

"Vuta sasa," alisema.

Atupele akavuta. Lusajo akashika. Atupele akavuta. Lusajo akashika.

Pwa! Kamba ikafunguka. Tararara! Vijiti vikamwagika mezani.

"Vimetoka!" watoto wakapiga kelele.

Atupele alikuwa ameshaondoa vitatu. Akaendelea. "Nne. Tano. Sita. Saba. Nane!"

Vyote vinane vikatoka.

"Vimebaki vingapi?" aliuliza Mwalimu.

Atupele alihesabu vijiti vya mezani. "Vitano."

"Na lile?"

"Fungu moja. Kumi."

Atupele akatazama kumi. Akatazama tano. Kisha akashika kifutio, akafuta ubao. Akashika chaki. Kri, kri.

Kumi na tano.

Mwalimu Sekela alitazama jibu. Alitazama tena.

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Ni kumi na tano."

Pa, pa, pa! Watoto wakapiga makofi.

Atupele alimgeukia Lusajo. Lusajo alikuwa anapiga makofi pia. Si kwa nguvu sana. Lakini alikuwa anapiga.

Mchana, watoto walipokwenda nyumbani, Atupele alibaki na ufagio. Fya, fya, fya. Alifagia chini ya madawati. Alifagia pale Lusajo alipotambaa.

Alipoinua uso, Lusajo alikuwa mlangoni.

"Hujaondoka?" aliuliza Atupele.

"Mvua," alisema Lusajo.

Atupele alitazama nje. Hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa linawaka juu ya migomba.

Alifagia haraka haraka, wakaondoka wote wawili.

Kabla hawajavuka uwanja, Mwalimu Sekela aliwaita. Alimpa Atupele vijiti ishirini na tatu, mafungu mawili na vitatu vya peke yake.

"Hesabu moja tu kila siku, nyumbani," alisema. "Siyo kumi. Moja. Ukikwama, uliza. Uliza mimi, uliza Lusajo, uliza Mama."

"Ndiyo, Mwalimu."

Siku hiyo Atupele alimwambia Mama yote. Kopo, kisoda, mvua, Lusajo, fundo la kamba. Yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile siku ya moshi," alisema Mama, "haukuwa moshi."

"Haukuwa moshi, Mama."

Mama alimvuta, akamkalisha karibu yake. "Siku nyingine nipe na mimi nishike upande mmoja."

Ijumaa, Atupele alifanya hesabu moja. Akakosea. Akafungua fungu, akahesabu upya, akapata.

Jumamosi, akafanya moja. Akapata.

Jumapili, baada ya kanisa, akafanya moja. Akakosea. Akamuuliza Mama. Mama alikuna kichwa, wakahesabu pamoja, wakapata.

Jumatatu, visoda vyote ishirini vilirudi koponi. Kopo lilikuwa zito.

Kacha, kacha, kacha!

"Nani leo? Nani leo?"

Moyo wa Atupele ukapiga. Du-du. Du-du. Bado ulipiga, jamani. Moyo hauachi kuogopa kwa siku moja.

Lakini Atupele hakujikunja. Alikaa wima. Na safari hii, yeye naye aliimba. "Nani leo? Nani leo?"

Mwalimu akatoa kisoda. Akasoma. Akacheka kidogo.

"Atupele!"

"Lo! Tena?" watoto wakasema.

Atupele akasimama. Akamtazama Lusajo.

"Nenda," alisema Lusajo.

Atupele akaenda. Mwalimu aliandika thelathini na mbili, toa tano. Atupele alitazama ile mbili. Akatazama ile tano. Haitoshi.

"Nafungua fungu moja," alisema kwa sauti.

Kri, kri, kri. Akaandika. Akaona amekosea. Akafuta. Akaandika tena.

Ishirini na saba.

Nayo ilikuwa ndiyo.

Usiku, mvua ilirudi juu ya bati. Shaaa. Safari hii ilikuwa mvua ndogo, ya kubembeleza watu walale.

Atupele alikuwa kitandani. Blanketi lilikuwa jepesi na lenye joto. Mama alikaa pembeni, akamfunika mabega.

"Mama, niulize moja."

"Ulishafanya ya leo."

"Moja tu, Mama. Ya mwisho."

Mama alifikiri kidogo. "Haya. Kumi na mbili toa tisa?"

Atupele alifumba macho ili afikiri.

Mama alisubiri. Mvua ilisema, shaaa, shaaa.

"Atupele?"

Kimya.

Mama akainama, akamsikiliza. Atupele alikuwa anapumua pole pole. Alikuwa amelala fofofo.

Lakini mkono wake mmoja ulikuwa juu ya blanketi. Na vidole vitatu vilikuwa vimesimama.

Mama akavihesabu. Akatabasamu. Akazima taa.